Mkono wa Kulia wa Bwana

Nilizaliwa Siyu, nikafagia vyumba vya wageni Shela, nikaosha vyombo ng'ambo miaka saba, nikarudi na diploma ya urubani niliyoilipia kwa jasho langu. Sikusomeshwa na mjomba wala mheshimiwa. Kwa hiyo nikisema nilifanya sawa siku ile kwenye kiwanja cha ndege cha Manda, sibahatishi.

Abiria wangu alikuwa mmoja, Bwana mwenye majumba Amu, yaani Lamu mjini. Ndege ilikuwa ndogo, ya injini mbili, na viti vyake vya nyuma vinatazamana. Akachagua kinachoelekea mkia ili, alisema, asiione mikono yangu.

"Siyu hata ndia ya gari hamna, nawe ndiwe wa kurusha ndege?"

"Na Amu mna punda, Bwana. Mbona hukumpanda hadi Mombasa?"

Alicheka kidogo, kisha akaanza kusoma dua kwa sauti, makusudi niisikie.

Tulikuwa tumeiacha lami, magurudumu yamekunjwa, mikoko iko chini yetu, injini moja ilipokohoa ikafa. Pua ikavutwa kushoto. Nikakanyaga pedali ya kulia mpaka ikanyooka. Ndege ile huweza kuruka kwa injini moja, lakini lazima uifunge iliyokufa, la sivyo propela yake itawakokota hadi majini. Na ukikosea ukaifunga nzima, basi.

"Ya kulia!" Bwana alipiga kelele. "Yatoa moshi! Zima ya kulia!"

Wallahi mkono wangu ulianza kwenda. Kwetu mtu mzima akikwambia kaa, unakaa kabla hujatafuta kiti. Lakini mguu wangu wa kushoto ulikuwa hauna kazi, na nilifundishwa hivi: mguu uliolala, injini iliyolala. Nikaurudisha taratibu wenzo wa kushoto, ule unaoipa nguvu injini ya upande huo. Hakikubadilika kitu. Ndiyo hiyo iliyokufa.

"Kulia, nakwambia! Huna masikio?"

"Nyamaza, Bwana!"

Nikaifunga ya kushoto. Tukazunguka chini chini, kwa upande wa injini nzima, tukarudi lamini.

Aliposhuka alisimama kama alivyokuwa amekaa, uso mkiani, akauinua mkono anaolia wali, ukaielekea injini iliyokufa. "Huu! Nalikwambia kulia!"

Nikamshika mabega, nikamgeuza atazame kule pua ya ndege inakotazama. Mkono bado uko juu. Sasa ulikuwa unaielekea injini iliyoturudisha.

"Ndege haili wali, Bwana. Kulia kwake hufuata pua."

Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, akaushusha.

Amu wanasema tuliokolewa na dua. Naikubali, alhamdulillahi, na mguu wangu pia ulikuwepo. Wanasema vilevile kwamba nilimvunjia heshima mtu mzima, na Bwana mwenyewe alituma mjumbe niende kumtaka radhi.

Sikwenda. Nilimwambia mjumbe amrudishie salamu: aje apande tena, nami nitamchagulia kiti kinachotazama mbele.