Kalamu Iliyorudi Mara Tatu

Mume wangu, Iwao Kajitani, si mtu wa maneno. Kwa miaka yote niliyokaa naye hapa Mihara, mji wa pwani ya Japani, hali ya moyo wake nimekuwa nikiisoma kwenye aproni. Akiwa ameivaa, yu mzima. Akiivua kabla ya saa ya chakula, kuna jambo. Basi asubuhi ile ya mwezi wa Novemba nilipomwona anafungua kamba za aproni mbele ya mteja, tena polepole, nilijua siku imeharibika.

Iwao hutengeneza kalamu za wino. Mwili wa kalamu hukereza mwenyewe kwenye mashine ya baba yake ya kuendeshwa kwa mguu, kisha huupaka urushi, ule utomvu wa mti ambao mgeni akiugusa hujikuna wiki nzima. Tabaka juu ya tabaka, miezi inakwenda. Watu huja kuusifu weusi wake na mng'ao wake, naye sifa hizo hazimwingii. "Hiyo ni nguo tu," husema. "Mwenye nguo ni ncha."

Ncha ni ya dhahabu, na hainoi mpaka mteja aje mwenyewe, akae kwenye mto mbele yake, aandike. Aandike chochote, hata bei ya samaki. Iwao hasomi. Hutazama mkono: unalala vipi, unakandamiza wapi, una haraka au hauna. Halafu hunoa ncha kwa ajili ya mkono huo mmoja, na mwingine akiishika kalamu hiyo inamkwaruzia karatasi. Mimi mke wake, niliyempikia maisha yangu yote, hakuna kalamu ya mteja iliyowahi kunikubali.

Bi Hatsue Nonomura, mkunga mstaafu wa mji jirani wa Takehara, aliagiza yake alipokaribia kutimiza miaka sabini na saba, umri ambao kwetu hufanyiwa sherehe. Wanawe walichanga. Alikuja, akaketi wima, akaandika, akasubiri zaidi ya mwaka bila kunung'unika. Alipoichukua, aliijaribu palepale na ikateleza vizuri mno. Mwezi haukwisha, akarudi nayo.

Alirudi na boksi la vitamu vya maharage, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Fundi, nisamehe. Nyumbani inakwaruza kidogo. Labda mkono wangu ndio mbaya." Mtu anayekuja kulalamika na matusi unajua la kumjibu. Anayekuja na zawadi ni balaa. Iwao alimpa aandike, ikateleza. Akainoa kidogo hata hivyo, kwa heshima. Bi Nonomura akarudi mara ya pili na boksi lingine. Ikateleza tena. Usiku huo mume wangu hakulala, alikaa akisugua ncha za vidole vyake kama anazitafutia kitu.

Nilijua anachowaza. Marehemu baba yake alimwachia neno moja: kalamu ikirudi mara tatu kwa mteja yule yule, mikono imekwisha, funga duka mwenyewe kabla watu hawajakufungia. Baba mkwe alifunga hivyo, na baada ya kufunga alikaa barazani akitazama barabara hadi alipokufa. Sikutaka kumwona mume wangu kwenye baraza ile.

Na sasa Bi Nonomura alikuwa amekuja mara ya tatu. Iwao aliikunja aproni, akaiweka chini. "Ngoja nikatazame mipera ya nyuma," akasema, wakati sisi hatuna mipera, tuna mpersimoni mmoja wa matunda ya rangi ya chungwa. Akatoka.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nina hasira na bibi yule, na boksi lake, na adabu yake. Nikarudi na sinia. Kwenye mikeka, mtu mwenye soksi hasikiki. Nilipolisogeza pazia nikamkuta ameegemea meza, anaandika upesiupesi, uso umekunjamana, na kalamu inalia kwaruu, kwaruu. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto.

Aliponiona aliiangusha kama mwizi.

"Bi Nonomura," nikasema. "Huo ndio mkono unaoandikia nyumbani?"

"Mama, nakuomba. Usimwambie mtu."

"Mara tatu umepanda treni kuirudisha. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" Aliuficha mkono ndani ya mkono wa kimono. "Bibi yangu alikuwa akinifunga huu kwa kitambaa nikiwa mtoto. Msichana wa kushoto haolewi, alisema. Mbele za watu natumia wa kulia. Nikiwa peke yangu, nimefunga madirisha, ndipo naandika na huu. Hata marehemu mume wangu hakujua."

"Na watoto uliokuwa ukizalisha? Uliwapokea kwa mkono upi?"

Akanitazama kando. "Mwanamke akiwa na uchungu anaangalia mikono ya mkunga?"

Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa namwona Iwao kupitia mlango wa nyuma, amesimama chini ya mti wake, mikono imening'inia.

"Nisikilize," nikasema. "Mume wangu anadhani mikono yake imekufa. Baba yake alimwambia ikirudi mara tatu afunge. Ameshavua aproni. Unaona pale? Anaagana na kazi yake kwa sababu ya adabu yako."

Akageuka kumtazama. "Kwa sababu yangu?"

"Mficha uchi hazai, Bi Nonomura."

"Maneno hayo hayo," akasema taratibu, "nimewaambia wanawake wa Takehara maisha yangu yote." Kisha akapaza sauti, ile sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha chumba kizima: "Fundi. Njoo."

Iwao akaja. Bi Nonomura hakumtazama. Aliutoa mkono wa kushoto, akashika kalamu, akaanza kuandika jina lake. Kalamu ikalia kama ilivyolia mwanzo.

Mume wangu alipiga magoti. Akasogea karibu, akainamisha kichwa mpaka sikio likawa juu ya karatasi. Sikuwahi kumwona akitazama kitu kwa uroho namna ile.

"Unasukuma," akasema. "Mimi nimeinoa ya kuvutwa, na wewe unaisukuma."

"Nisamehe, fundi. Nimekudanganya."

"Hapana." Aliinama yeye sasa, paji chini kwenye mkeka. "Mimi ndiye niliyekukabidhi kalamu upande wa kulia. Kila mteja namkabidhi kulia. Sijawahi kuuliza." Alipoinuka alikuwa anacheka kicheko kidogo cha puani, na macho yamelowa. Akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Mama Noriko, aproni yangu iko wapi?"

"Umeikalia," nikamwambia.

Akaanza kunoa palepale. Anasugua, anampa, Bi Nonomura anaandika, anairudisha. Saa ya chakula ilipita. Nikawapakulia wali wa pweza kwa lazima, na bibi yule, mkono ukiwa umeshaona mwanga, akachukua vijiti kwa kushoto. Pweza akaruka hadi kwenye chai ya Iwao.

"Huu haujui kula," akasema, huku akihamisha vijiti. "Unajua kuandika na kuzalisha tu."

"Basi usiufundishe kula," Iwao akamjibu. "Utasahau kuandika, nianze kunoa upya."

Walicheka kama watoto waliotoroka darasa. Mimi nilicheka zaidi yao, maana tangu asubuhi nilikuwa nikimwona kwenye baraza ile.

Alasiri Iwao akampa kalamu mara ya mwisho, akaielekeza kushoto. Bi Nonomura akauliza kama tunaweza kugeuka, bado anaona haya. Tukageukia ukuta, mimi na mume wangu, bega kwa bega. Nyuma yetu aliandika muda mrefu. Mkwaruzo ulikuwa umeisha. Nilisikia pumzi zake tu, na karatasi moja ikigeuzwa, kisha nyingine.

"Inakwenda," akasema mwishowe. "Fundi, inakwenda."

Tulimsindikiza hadi kituoni. Njiani kurudi Iwao alitembea haraka mbele yangu, na tulipofika mlangoni nikashindwa kuvumilia.

"Haya, Baba Noriko. Unafunga lini?"

Alikuwa ameshavua viatu, anawahi kazini kabla mwanga haujaisha. "Nifunge nini?" akauliza.

Nikaenda jikoni, nikafungulia maji kwa nguvu ili asinisikie, nikalia kilio changu chote. Vyombo vya siku ile niliviosha mara mbili.