Mama Kaachwa Wapi

Eda ya mama iliisha Ijumaa, na hakuna mtu aliyesema kitu. Bibi alipika wali wa nazi kama Ijumaa zote. Baba akarudi kutoka msikitini, akala, akanawa, akaenda zake kukaa barazani. Mi nilikuwa nasubiri. Mpaka siku ile alikuwa bado na ruhusa ya kumrejea mama, bila mahari, bila shughuli, neno lake tu. Nikawa nakusanya vyombo taratibu, jambo ambalo sifanyagi, nikitegemea aseme, "Twendeni Maramba tukamchukue mama yenu." Hakusema. Akauliza kama umeme umekatika au ni kwetu tu.

Mama alikuwa kwao Maramba tangu apewe talaka. Bibi, mama yake baba, alimsihi sana, akamwambia eda hukaliwa nyumbani kwa mume, ndo hivyo mtu anaweza kujuta akiona kanga yako kwenye kamba. Mama hakutaka. Alichukua begi moja akaondoka asubuhi, sisi tukabaki mjini, Mabawa, na baba na bibi. Baba alisema watoto wasome mjini. Mi nimemaliza kidato cha nne, sisomi chochote, nasubiri matokeo. Anayesoma ni mdogo wangu, yuko darasa la kwanza. Yeye aliambiwa mama kaenda kumsalimia babu, atarudi.

Siku mbili tatu baada ya Ijumaa ile, shangazi alikuja kutusaidia kazi. Shangazi yangu hajui kunong'ona. Kakaa uani juu ya mbuzi anakuna nazi, simu kaiegemeza kwenye ndoo, anaongea na shoga yake mpaka jirani wa tatu anasikia.

"Ndo hivyo mwenzangu, wifi yangu kaachwa. Kaachwa kabisa! Tulidhani kaka atasema kitu, wapi!"

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa pembeni yake anasubiri vipande vya nazi. Niliona alivyoacha kutafuna. Nikamwambia shangazi, "Shangazi, mtoto huyo." Akanijibu, "Mtoto anajua nini? Hebu nipe chujio."

Basi kuanzia hapo ndo mambo yakaharibika.

Kwanza kukojoa kitandani, na alishaacha zamani. Halafu njiani. Nampeleka shule, tunafika katikati ya njia anasimama, ananiambia, "Dada, tangulia wewe." Nikitangulia analia kwamba namuacha. Nikirudi nyuma yake anageuka kila hatua kunitazama. Mi sina subira, kila mtu nyumbani anajua. Namwambia, "Tembea basi, we mtoto, utachelewa!" Anatembea kidogo, anageuka tena. Mwalimu wake akaniita akasema mdogo wako anatuchelewesha, kila tukiingia darasani anasimama mlangoni mpaka wote waingie, ndo na yeye anaingia. Akiambiwa aingie mbele, anatetemeka. Madrasa huko ndo kabisa, kagoma.

Bibi akasema mtoto kaona kitu. Akampeleka kwa sheikh kuandikiwa kombe. Mi nilikwenda nao huku nimenuna, nikijua hii si kazi ya kombe, ila sikuwa najua ni kazi ya nini. Sheikh ni mtu mpole. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaisuuza kwa maji ya marashi, akampa anywe. Akamuuliza, "Unaogopa nini, mama?" Mdogo wangu akanywa yote, akajilamba, akasema, "Inanukia kama bi harusi." Sheikh akacheka. Akamwambia bibi, "Huyu hana shetani. Huyu ana jambo. Mkae naye."

Njiani bibi akawa anamtania, "Mke mwenzangu, hebu niambie basi hilo jambo. Wake wenza hawafichani." Mdogo wangu kashika ncha ya baibui la bibi kama kamba ya ng'ombe.

Jambo lenyewe lilikuja kujulikana kijiweni kwa bodaboda.

Ilikuwa alasiri, siku hiyo alikubali kwenda madrasa, nami nilijua yuko huko. Nasikia hodi, kijana wa bodaboda wa hapo mtaani kamshika mkono, begi la juzuu mgongoni. Anacheka mpaka machozi.

"Dada, chukua mteja wangu huyu. Kaja kijiweni ati nimfuate mama yake Maramba. Kaachwa! Nauli yenyewe kanipa andazi."

"Nani kamwambia aje huko?"

"Mi sijui. Kuna mwenzetu akamtania, 'Mama yako kaachwa? Basi mi nitamuoa!' Akamjibu, 'Sitaki umuoe. Nataka umpakie.'"

Nami nikacheka, nasema ukweli. Nikamvuta ndani, nikafungua lile begi. Mna maandazi mengine mawili, na ndara za mama, zile za bluu alizoacha chini ya kitanda.

"Hizi za nini?"

"Za mama. Kama kachoka kusimama."

"Kusimama wapi?"

"Pale alipoachwa."

Sikuelewa. Nikamkalisha, nikamuuliza nani kakwambia mama kasimama. Akaniambia kwa hasira, kama mimi ndo mtoto, "Shangazi alipoachwa Moa baba si alimtumia bodaboda? Mama mbona hamtumii?"

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana tulikwenda Moa harusini, gari la kukodi. Wakati wa kurudi shangazi akawa anaaga kila nyumba, anaombwa hiki anapewa kile, gari likaondoka. Tumefika mbali ndo mtu akapiga kelele, "Jamani, shangazi kaachwa!" Gari zima likacheka. Baba akapiga simu, akamtumia bodaboda, shangazi akatukuta njiani na kuku wake kwapani, anatutukana wote. Mdogo wangu alilipenda sana lile tukio, alilisimulia mwezi mzima.

Kwa hiyo kaachwa kwake ni hiyo. Mtu amesimama kando ya barabara na mzigo wake, gari limeondoka, watu wamecheka, halafu hakuna aliyegeuka. Wiki zote zile yeye alikuwa anahakikisha hakuna mwingine anayebaki. Mimi, wenzake darasani, wote. Na mi namwambia atembee haraka.

Nilitoka nikaenda kulilia chooni.

Nikaangalia kwenye simu watu wanasema nini kuhusu watoto wa hivi. Wanasema mwambie ukweli kwa maneno mafupi, mwambie si kosa lake. Sawa. Maneno gani? Kwetu mwanamke akipewa talaka neno ni hilo hilo, kaachwa. Niseme mama hakuachwa, nitakuwa muongo. Niseme kaachwa, ataniuliza kwa nini hatumfuati.

Nikamfuata baba barazani.

"Baba, mtoto anadhani mama kapotea."

"Mwambie kasafiri."

"Hajasafiri, baba."

"Atakua, ataelewa."

"Leo kaenda kijiweni peke yake. Angepata bodaboda mwendawazimu akampakia?"

Akawa anakunjakunja kofia yake. Baba si mtu mbaya. Mpaka leo sijui walikosana nini, na nikiuliza naambiwa mambo ya wakubwa. Mwisho akasema, "Mi sijui kumwambia mtoto vitu hivyo. Mpeleke kwa mama yake. Nendeni Jumamosi, mrudi Jumapili."

Mdogo wangu aliposikia tunakwenda Maramba hakuuliza swali. Alibeba zile ndara mwenyewe. Kumbe kwake tunakwenda kumchukua, swali lake limekwisha jibiwa. Mi nikaona, nikaogopa kumrekebisha. Nikasema mama atamwambia, ni mama yake.

Mama alikuwa amekonda. Alitupokea huku mikono ina unga wa muhogo, anatukumbatia kwa viwiko. Jumamosi ile yote ilikuwa nzuri, ndo ubaya wake. Tulikula bada, ugali wa huo muhogo, na mchuzi wa papa, babu akatumenyea machungwa, mdogo wangu akalala mchana kifuani kwa mama na hakukojoa. Kila nikimkonyeza mama kwamba mwambie, anasema, "Ngoja ale. Ngoja apumzike." Mama naye alikuwa anaogopa. Nilikasirika, lakini na mi si nilifanya hivyo hivyo?

Jumapili tukaenda kusubiri basi. Mama katusindikiza kavaa zile ndara za bluu, maana mtoto alimlazimisha azivae. Basi likaja, likasimama. Mi nikapanda nikashika siti. Mdogo wangu kasimama chini, kamshika mama kiunoni.

"Mama, panda wewe kwanza."

"Panda mwanangu, dada anakungoja."

"Hapana. Wewe kwanza. Mi nitapanda mwisho."

Konda akadakia, "Panda mama, siti zipo! Usimuumize mtoto, panda!" Abiria wakacheka. Mdogo wangu akamgeukia konda akamwambia, "Msiondoke. Huyu kaachwa siku nyingi." Mama mmoja ndani ya basi akasema "Lahaula," na kicheko kikakatika.

Mi nikashuka. Mama akanivuta pembeni, machozi yanamtoka, ananong'ona, "Ngoja nipande. Nitakaa naye mpaka alale, nishuke mbele huko, nirudi na bodaboda."

"Usifanye hivyo mama. Akiamka haupo itakuwaje? Mwambie."

"Sijui niseme nini."

"Na mi sijui. Sema hivyo hivyo."

Konda akapiga bodi ya basi. Mama akachuchumaa vumbini, akamshika mashavu.

"Mwanangu. Mi na baba yako tumeachana. Hatukai tena nyumba moja. Si gari lililoniacha. Nakaa hapa, kwa babu, hapa ndo kwangu sasa. Si kwa sababu yako. Nakupenda vile vile. Utakuja, na mi nitakuja kukuona."

Nilidhani atalia. Alimtazama mama kama mtu anayepiga hesabu.

"Hukuachwa na gari?"

"Hapana."

"Njia ya kuja kwetu ulikuwa unaijua?"

"Naijua, mwanangu."

"Na mabasi yalikuwepo?"

Mama akainamisha kichwa. "Yalikuwepo."

Mdogo wangu akamwachia kiuno. Akapanda basi peke yake, mbele yangu, hakusubiri mtu. Akakaa dirishani, akageuzia uso upande wa pili, kwenye bega langu. Mama alikuwa anapunga nje, anatembea pembeni ya basi, anaita jina lake. Nikamwambia, "Mpungie mama." Akasema, "Dada, niache." Nikamuacha.

Sasa anakwenda shule vizuri. Mwalimu kafurahi, anasema anaingia darasani na wenzake, na hata madrasa karudi. Bibi anasema ni kombe. Shangazi anasema si niliwaambia mtoto hajui kitu. Nami nimekuwa nikijiambia nilifanya lililo sawa, na nadhani nilifanya, lakini jambo lililo sawa mbona haliniachii nafasi ya kupumua?

Maana mama anapiga simu kila siku baada ya magharibi. Mdogo wangu yuko hapo hapo mkekani, anachora, penseli mkononi, macho makavu. Namwonyesha simu. Ananiambia bila kuinua kichwa, "Mwambie nimelala."

Siku za mwanzo nilimwambia mama hivyo, kalala. Mama anajua, anasikia sauti yake kabisa. Jana nikachoka. Nikasema, "Mama, hajalala. Hataki kuongea. Kakasirika."

Nikasikia watu wa kwao wanaongea nyuma, na mtu anatwanga.

"Kanikasirikia mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema. "Ana haki. Muweke karibu na simu, asikie tu."

Nikaiweka simu mkekani, sauti kubwa. Mama akaanza kumsimulia. Hakusema la maana, alisema mbuzi wa babu kazaa, muhogo umekauka vizuri, babu kaanguka akachekwa. Mdogo wangu aliendelea kuchora. Ila hakuondoka pale, na mama alipoishiwa salio, sauti ikakatika katikati ya sentensi, aliitazama ile simu mpaka mwanga wake ukazimika.