Nilipanga foleni mbili kinuni Ganda, moja ikakimbiwa

Wakuu, hamjambo? Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, maana aibu yote ni yangu.

Mimi ni mtu wa bara, nasimamia kinu cha kusaga mahindi huku Ganda, pwani. Juzi tajiri wangu aliongeza mashine ya pili. Akanionya: wateja wakizidi kuhamia kinu cha ng'ambo kwa sababu ya foleni, anaiuza na mimi nafunga virago. Niliogopa, sifichi.

Basi nikajifanya injinia. Mashine mbili, foleni mbili, mistari ya chokaa chini. Simpo!

Asubuhi ya kwanza foleni ya kushoto ilifika barabarani. Ya kulia ilikuwa na mtu mmoja tu: Mama Kadzo, muuza uji. Debe lake likasagwa, akabaki pale pale akichekecha unga wake taratibu.

"Songeni huku, kuna nafasi!" nikapaza sauti.

Vijana wa boda, ndio hutuletea mahindi ya majirani, wakaangalia chini. Hakuna aliyesogea. Wawili wakawasha pikipiki, hao, ng'ambo.

(Kimoyomoyo nikawaita wajinga. Mnisamehe.)

Siku tatu mambo yakawa hayo hayo. Mashine mpya imekaa kama mgeni.

Siku ya nne nikamwendea Mama Kadzo. Shikamoo kwanza, halafu nikamweleza shida yangu.

Alicheka mpaka chekecheo likamponyoka.

"Mwanangu, mabinti zangu sita wameolewa hapa hapa. Hao unaowapigia kelele ni wakwe zangu na ndugu zao. Waje wanibanebane mgongoni, hiyo ni adabu gani?"

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Panga ndoo, usipange watu. Ndoo haina mkwe."

Nikafuta chokaa. Sasa ni foleni moja ya ndoo na magunia, wenyewe wanakaa wanapotaka. Mashine yoyote ikiwa wazi inachukua ndoo inayofuata. Kufikia saa nne tumemaliza, na wale wawili wamerudi. Tajiri hataji tena kuuza.

Funzo langu: kabla hujawapanga watu, uliza nani ameoa kwa nani.

Mliosomea mambo ya foleni, hili mlifundishwa? Leteni maoni, lakini chekeni pole pole. Jana Mama Kadzo alinidokeza kwamba kitinda mimba wake bado hajaolewa, na leo nimempimia mama huyo unga wake nikiangalia chini.