Feza Akicheza Baba

Mwanangu, shida ilinianza nikiwa na miaka tisa, mwaka baba alipofukiwa na shimo la dhahabu Salamabila. Shule niliiacha darasa la pili. Nikabeba mizigo, nikachimba, nikanunua pikipiki, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Najisifu, ndiyo. Lakini kuna asubuhi moja naikumbuka, na nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu.

Tulikuwa tunakaa mji wa Kabambare. Feza, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miaka mitano na alikuwa hasemi. Nyumbani kwangu mtoto alinyamaza mbele ya baba. Nililelewa hivyo, nikaiita heshima. Nikirudi na vumbi la barabara, yeye akiuliza kitu, namkatiza. Mwishowe hakuuliza tena. Mke wangu akaogopa kwamba mtoto ni bubu, shule itamkataa. Ndipo akampeleka kwa Mama Josefina, mjane aliyefundisha watoto wadogo wa wachimbaji na wakulima nyuma ya kanisa. Kila mtoto alileta kitu cha kwao, kijiko au gunzi la mahindi, akakielezea, kisha Mama Josefina akachora kwa makaa herufi ya kwanza ya jina la kitu hicho. Mimi nilicheka. "Mutoto wangu akasome gunzi?"

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, nilikwenda kumtoa pale. Nikawakuta wanacheza baba na mama, na wenzake wamemchagua Feza awe baba. Akapanda kwenye kiti, akakunja uso, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake yote:

"Nyamaza. Leta maji. Toka hapa."

Wenzake wakangoja.

"Sema ingine, baba," mmoja akamwambia.

Feza akafikiri, akarudia yale yale. Hakuwa na mengine. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini, na mimi nimesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi.

Mama Josefina hakucheka. Akanisogelea. "Baba Feza, mutoto haiko bubu. Amesema yote ulimupa."

"Mimi sikusoma, mama. Nitamupa nini?"

"Nani amekuomba kitabu? Barabara ya Salamabila unaijua, pikipiki unaitengeneza. Umwambie hayo. Herufi ni kazi yangu, lakini siwezi kuandika neno mutoto hana."

Nilimwacha Feza pale, nikaenda zangu. Jioni nikamwonyesha spana, nikataka kumwambia kazi yake. Akajikinga uso kwa mikono. Alidhani nitampiga.

Alisoma baadaye, tena vizuri. Leo ana watoto wake hapa Kasongo, na nyumba yake ina kelele kama soko. Nikiingia mimi, sauti yake inashuka. "Ndiyo, baba." "Hapana, baba." Basi.

Kwa hiyo usiniambie wewe ni maskini, huna cha kumpa mtoto kabla ya shule. Ukimenya muhogo, mwambie unafanya nini. Mwimbie, hata kwa Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani. Akiuliza tena lile lile, mjibu tena, hata umechoka. Mungu akupe watoto wa kukusumbua kwa maswali, na akuache na sikio la kuwasikia.

Mimi niko na nyumba ya bati, pikipiki mbili, shamba la michikichi, mbuzi, na kiti changu cha kamba barazani. Wajukuu wakinikuta nimekikalia, wananyamaza.