Boljointi ya Mkwe Wangu

Nilipofika Sydney kumsaidia binti yangu kulea, nilipewa kazi moja, nayo ni kumpeleka mjukuu wangu shule kila asubuhi. Binti ni muuguzi, huondoka nyumbani mapema kwa treni. Mumewe, Mkongomani wa Bukavu, alikuwa akifanya kazi kwenye bohari huko St Marys na zamu yake ilianza saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu. Nilimpikia uji, nikamfunga mkanda kwenye gari langu la zamani, tukaenda zetu polepole katika mitaa ya Merrylands, mimi nikisema Kiswahili na yeye akinijibu Kiingereza. Sikuwa na kazi nyingine duniani, wala sikuitaka.

Kazi hiyo niliipoteza kwa sababu ya boljointi.

Kwa asiyejua, boljointi ni kifundo cha chuma kilicho nyuma ya gurudumu la mbele, kama fundo la nyonga la mtu: tufe ndani ya kikombe. Hiyo ndiyo inayoliwezesha gurudumu kukata kona huku likipanda na kushuka. Ikilika, gari huanza kugonga, ko, ko, kila upitapo kwenye tuta. Langu lilikuwa likigonga. Mimi nilikuwa fundi miaka ishirini na sita katika karakana ya malori ya chai kule Kericho, na kule spea zilipokuwa hazipatikani tulikuwa na dawa yetu. Unafungua kifuniko cha kikombe, unakata kipande cha mpira wa tairi ukubwa wa sarafu, unakisukuma ndani, unafunga. Mlio unanyamaza. Nilifanya hivyo hivyo hapa Sydney, mjini ambako spea mpya huletwa hadi mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu nilijua. Mtu akijua ujanja haachi kuutumia.

Jumamosi moja nilimchukua mkwe tukaenda Cabramatta kununua samaki na mboga. Njiani alikaa kimya, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio. Tulipofika nyumbani akaniomba funguo, akasema amedondosha simu. Nikamwona kutoka dirishani amelala chali chini ya gari langu. Simu haidondoki huko.

Usiku ule hakuniambia neno. Kesho yake, baada ya kanisa, binti yangu alikuja kwenye kijumba changu cha uani akiwa bado na viatu vya ibada.

"Dadi, kuanzia kesho mtoto hatapanda gari lako."

"Nani amesema?"

"Gari lina mpira wa tairi mahali pa chuma, Dadi. Ni kweli ama si kweli?"

"Nani amesema?"

"Si muhimu nani amesema. Amebadilisha zamu, atampeleka yeye."

Alikuwa sahihi, nami nilijua hivyo pale pale. Lakini sikusikia habari ya mpira. Nilichosikia ni kwamba kijana niliyempa binti amelala chini ya gari langu kwa uongo wa simu, kisha akanichongea kwa mwanangu kitandani. Angekuja kwangu, nilijiambia. Mwanamume husema mbele ya mwanamume. Sasa nakubali kwamba kama angekuja kwangu ningemfukuza kwa spana.

Nikaagiza boljointi mpya mbili. Nilitaka kuzifunga mbele ya nyumba, mchana, majirani wakiona, ili ajue nani fundi na nani mbeba maboksi. Jumamosi iliyofuata, siku niliyoipanga, wao wakaenda kwenye arusi, nami sikungoja, nikapandisha gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi mbili, nikavua magurudumu. Nilichomoa pini, nikalegeza nati ile yenye meno kama taji, nikagonga ubavu wa chuma kwa nyundo mpaka mguu wa boljointi ukaachia kwa mlio kama wa mfupa. Mikono yangu haikuwa imesahau kitu. Nilizipaka zile mpya grisi ya buluu, nikazifunga, nikakaza, nikapinda pini mpya. Kufikia saa nane mchana gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake. Nilijisikia kijana. Lakini hapakuwa na mtu wa kuona, na hasira haikupungua hata kidogo.

Gari la mkwe lilikuwa hapo kando, kwa kuwa walikuwa wamechukuliwa na marafiki. Nitasema ukweli: sikwenda chini yake kumsaidia. Nilikwenda kutafuta kosa. Nilipandisha upande wa kushoto, nikaingiza mtaimbo chini ya tairi, nikainua. Gurudumu lilicheza kama jino la mtoto. Nikalala chini na kurunzi, nikashika boljointi yake kwa vidole ambavyo bado vilikuwa na grisi. Mpira wake wa kuzuia vumbi umepasuka, grisi imekauka, tufe linaogelea ndani ya kikombe.

Nikacheka peke yangu pale chini. Nilicheka hadi nikakohoa.

Nikateremsha gari, nikafuta alama za jeki, nikanyamaza.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Rego ya gari lake, yaani usajili wa kila mwaka, ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na hapa gari lililozeeka halipewi rego bila kukaguliwa. Mkaguzi angelikataa. Na kwa vile kila Ijumaa jioni kikundi chao cha maombi kilikutana sebuleni kwetu, Wakongomani kwa Wakenya, ningengoja wote wawe wamekaa na chai mkononi, kisha ningemuuliza kwa upole, "Mwanangu, nasikia gari unalompakia mjukuu wangu limekataliwa. Lina nini?" Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi nikinyoa ndevu. Nilibadilisha "mwanangu" nikaweka "bwana mkubwa", kisha nikairudisha "mwanangu" kwa sababu ilichoma zaidi.

Na mtoto? Mtoto alikuwa ndani ya gari hilo kila asubuhi. Nilimwona akinipungia mkono. Nilijiambia kwamba nimeona boljointi mbovu kuliko hiyo zikimaliza msimu mzima wa chai, na barabara za hapa ni laini kama meza. Fundi akitaka kujidanganya ana maneno mengi kuliko mtu wa kawaida.

Kila jioni mkwe alinisalimu kama kawaida yake, ameinama kidogo, mikono miwili. "Papa, habari ya siku?" Nami nilimjibu, "Nzuri, mwanangu. Gari linakwendaje?" "Inaenda tu, Papa." "Haligongi?" "Kidogo, Papa. Nikipata muda nitaangalia." Utamu niliousikia moyoni wakati huo ni utamu wa aibu. Lakini ulikuwa utamu.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilisikia gari likirudi nyuma kuingia barabarani, nikasikia usukani ukikatwa, kisha mlio mmoja mzito, chuma juu ya lami. Nilijua kabla sijaona. Na katika nusu sekunde ile, kabla ya chochote kingine, nilifurahi. Sitaliondoa neno hilo. Nilifurahi, halafu nikasikia mtoto akilia.

Hakuna aliyeumia. Gari lilikuwa karibu kusimama. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala nje kama mguu uliovunjika, na bodi imelikalia. Mkwe alikuwa amemtoa mtoto, amempakata, anamwimbia kitu cha kwao. Aliponiona alisema, "Papa, nisamehe. Wewe uliongea kuhusu sauti, mi nikachelewa."

Aliniomba msamaha mimi.

Jumamosi tulilala chini ya gari hilo wawili. Yeye ndiye aliyeniomba. "Papa, wewe ni fundi, unionyeshe." Nilifanya kazi haraka, nikisema maneno mengi kuhusu nati na pini ili pasiwe na nafasi ya maneno mengine. Alikuwa ameshika kipande kilichochomoka, anakigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye chuma. Akanionyesha kidole.

"Papa, hii grisi ya buluu iko ya nani?"

Gari lake halikuwahi kupakwa grisi ya buluu. Kopo lilikuwa kando ya goti langu, siku hiyo bado halijafunguliwa.

"Yangu," nikasema.

"Uliangalia huku chini?"

"Niliangalia."

"Siku gani?"

"Siku niliyofunga zangu. Mlipokwenda arusini."

Alihesabu kimya, midomo ikicheza. "Siku kumi na mbili. Mutoto alikuwa mule ndani."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Ningependa anipige. Badala yake alikaa juu ya lami, akaegemea tairi.

"Ungenitukana tu, Papa. Pale mbele ya watu wa maombi, ungenitukana, ningekubali."

"Wewe ulinisema kwa binti yangu. Ulipitia mgongoni."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo asilolijua. "Nipitie wapi? Kwetu mukwe hawezi kusimama mbele ya baba ya bibi yake, eti gari yako ni mbaya. Hiyo ni matusi. Mtu anapitisha neno kwa bibi, bibi anapeleka kwa baba yake, baba habaki na haya. Njo vile nilifanya."

Hata kwetu ni hivyo. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia baba mkwe wangu neno lisilopitia kwa mke wangu, miaka yote mpaka alipozikwa. Alichonifanyia ni heshima, na mimi niliiona fitina kwa sababu nilitaka kuiona fitina.

"Lete nyundo, Papa," akasema. "Tumalize."

Hakumwambia mkewe. Nilijua hatamwambia. Ningeweza kuzeeka na siri hiyo, yeye akinisalimu kwa mikono miwili hadi siku ya mwisho. Nilivumilia siku tatu. Jumanne nilimwita binti yangu uani, nikamweleza yote: mtaimbo, kicheko, sentensi niliyoifanyia mazoezi. Ile nusu sekunde pia nilimweleza. Aliketi kwenye kitanda changu akinisikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa, bila kunikatiza.

"Unajua, Dadi," alisema mwishoni, "ulipofunga zile mpya, yeye ndiye alisema urudi kumpeleka mtoto. Alizikagua. Akasema hajaona kazi safi kama ile. Tulikuwa tukuambie Jumapili hii inayokuja."

"Bado ni safi," nikasema. "Peleka gari likaguliwe hata leo."

"Si gari, Dadi."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye mlango wa kijumba changu. Mkwe alirudisha gari nyuma hadi barabarani, akakata usukani, akaondoka na mtoto. Halikugonga hata mara moja. Nililisikiliza mpaka likakata kona.