Jogoo wa Kisima Kikavu

Siku kisima chetu kilipotangazwa kuwa kikavu, nilichinja jogoo.

Nalisema hilo mapema ili mtu asije akasoma mpaka katikati akidhani anafundishwa uwekezaji na mwenye akili. Nilichinja jogoo, nikamnyonyoa huku naimba wimbo wa kanisani, nikamwita jirani aje tule. Asubuhi hiyo wenye hisa wenzangu duniani walikuwa wameshika vichwa. Mimi nilikuwa natafuta nyanya.

Nikisema "kisima chetu" usinielewe vibaya. Kilikuwa cha kampuni ndogo inayotafuta mafuta na gesi, katika nchi ya mbali ambayo sijafika na sina mpango wa kufika. Mimi nilikuwa na hisa zangu humo, chache kiasi kwamba mafuta yangepatikana yakagawanywa, fungu langu lingetosha kukaanga yai. Lakini mtu akishaweka chake ndani ya kitu, anasema "chetu". Hata mimba ya ng'ombe wa jirani, ukishaahidiwa maziwa, ni yenu.

Tunaishi mtaa wa Mamboleo, mume wangu na mimi. Yeye ni fundi wa umeme, hutoka asubuhi na ngazi yake begani. Mimi sitoki. Nafuma sweta za shule kwa mashine iliyo kando ya dirisha, na dirisha hilo linanionyesha lango, barabara na anga kidogo, nami naona dunia imenitosha. Sokoni Kondele huwa naenda uzi ukiisha, na kabla sijashuka nimeshaanza kutamani kurudi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamua kwenda kuchimba mafuta jangwani.

Ni mdogo wangu aliyenifungulia njia. Alikuja kututembelea Krismasi, akanionyesha kwamba kwa simu hii hii ninayotumia kuagiza uzi mtu anaweza kununua hisa za ng'ambo. Kulikuwa na benki, soda, viwanda vya dawa. Vyote vilinichosha. Halafu nikaona picha ya mtambo mrefu wa kuchimbia umesimama peke yake nyikani, na chini yake watu wenye kofia ngumu wanacheka. Nikasema, hawa wanaonekana wamekula. Nikanunua.

Nilinunua kwa pesa ya tangi. Tulikuwa tumeiweka kidogo kidogo ili tununue tangi la kukinga maji ya mvua, kwa sababu mfereji wetu hutoa maji unapotaka wenyewe, na siku nyingine zote tunamngoja kijana wa mkokoteni na mitungi yake. Sikumficha mume wangu. Nilimwambia jioni hiyo hiyo, na nikamwonyesha picha ya wale wanaocheka.

"Na tangi?" akauliza.

"Litakuja. Tena kubwa zaidi."

"Kabla ya mvua ndefu?"

"Kabla ya mvua ndefu."

Akaitazama picha tena. "Sawa, nyar Uyoma. Kampuni mimi siidai. Wewe nakudai tangi."

Nyar Uyoma ni binti wa Uyoma, ndiko kwetu, upande wa Luanda Kotieno. Akiniita hivyo najua ninachekwa au ninaonywa, na mara nyingi ni vyote viwili katika pumzi moja.

Basi nikawa mwekezaji, na nisiseme uongo, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa kitu chochote tangu mashine ya sweta. Wengine wana mpira, wengine wana tamthilia za televisheni. Mimi nilikuwa na kampuni yangu. Kila ilipokuwa na jambo ilitoa tangazo asubuhi kama saa nne, wakati mimi niko kwenye mkono wa sweta, na simu ikilia mashine inasimama. Tangazo halikuwahi kukosa furaha. Wakichelewa kusafirisha mtambo, walikuwa "wametiwa moyo sana". Kekee ya kuchimbia ikivunjikia ardhini, walikuwa wametiwa moyo vilevile. Nikaanza kusema hivyo nyumbani. Ugali ukishika chini nilimwambia mume wangu kwamba nimetiwa moyo sana na ugali huu, naye alikula bila kutoa tangazo.

Nilijifunza. Walituma picha za miamba ya chini, rangi juu ya rangi, mistari mistari kama kiuno cha sweta, na mimi mistari naielewa. Nikamweleza jirani yangu, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele, ambaye hupita kwangu jioni kunywa chai na kuangalia kama nimenenepa. Nilimwambia mafuta hayakai ardhini ovyo. Yanataka moto wa kuyapika, sufuria ya kuyashika, na kifuniko juu yasitoroke.

"Na hiyo sufuria nani aliweka huko?" akauliza.

"Mungu."

"Na kifuniko?"

"Mungu pia."

Akavuta chai. "Sasa hao watu wako wangeuliza Mungu kwanza kama alipika."

Lakini hofu kubwa haikuwa sufuria tupu. Hofu ilikuwa maji. Kuna mahali kwenye mtandao ambapo wenye hisa wadogo hukutana kubishana, na hapo palikuwa na mtu mmoja, sijui wa wapi, aliyeandika kila wiki kwamba sufuria ipo, kifuniko kipo, ila ndani kuna maji matupu. Nilimchukia mtu huyo kama anayeombea mvua siku ya harusi. Nilianza kuomba juu ya jambo hilo. Bwana, usiweke maji. Kila kitu ni sawa, ila maji tu, Bwana. Mwanamke anayenunua maji kwa mitungi akiomba Mungu aondoe maji. Nadhani huko juu walisoma ombi hilo mara mbili.

Sasa hapa lazima nirudi kwetu Luanda Kotieno kidogo, la sivyo jogoo hataeleweka. Mimi nimelelewa na omena. Mama yangu alizianika kwenye nyavu kuukuu pale ufuoni mwa ziwa, nasi watoto tulizigeuza kwa mikono, jua likituchoma migongo. Mnunuzi akija, alichota konzi, akachukua omena moja, akaivunja karibu na sikio. Ikilia "ta", basi. Mama alikuwa hasemi maneno mengi, alisema moja tu: "Otwo." Imekauka. Neno hilo lilikuwa karo ya shule, lilikuwa viatu, lilikuwa mchele Jumapili. Omena ikinyeshewa ikakaa na unyevu, inanuka, inauzwa chakula cha kuku, na nyumbani siku hiyo watu wanaongea polepole. Kwa hiyo kichwani mwangu, tangu niko mdogo kuliko ndoo, kavu ni nzuri na mbichi ni msiba. Nilimaliza kidato cha nne, Kiingereza nilipita vizuri tu, lakini shule iliingia kichwani ikakuta omena zimeshaketi.

Asubuhi ya tangazo lile nilikuwa nafunga kola. Simu ikalia. Niliisoma nimesimama. Walisema kwamba wamefika kina walichokusudia, kwamba kisima ni kikavu, na kwamba sasa kitazibwa.

Kikavu.

Niliketi. Nikamkumbuka yule wa maji wa kwenye mtandao, nikamcheka kwa sauti peke yangu chumbani. Hakuna maji. Hata tone. Otwo. Na habari ya kuziba niliiona ni busara tupu: mtu akipata mafuta mazuri haachi chupa wazi. Kulikuwa na aya nyingine tatu chini yake, lakini nani anasoma barua mpaka mwisho akishajua amefaulu? Nilitazama bei ya hisa, nikaona imeanguka vibaya, nikasema hawa wa soko la ng'ambo bado wana usingizi, hawajasoma. Nikajaribu kununua nyingine upesi kwa pesa ya uzi kabla hawajaamka. Mtandao ukakataa. Mpaka leo sijawahi kuwasema vibaya watu wa mtandao.

Halafu nikaenda kumtafuta jogoo.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, jirani alikuja amejifunga leso safi, maana nilimwambia ni sherehe. Mume wangu aliingia, akaegemeza ngazi ukutani, akasikia harufu, akaangalia uwanjani ambako jogoo alizoea kusimama.

"Kuna mgeni gani?"

"Hakuna mgeni. Kisima kimejibu."

"Kimepata mafuta?"

"Safi. Hakuna hata tone la maji."

Alikuwa ananawa mikono. Jirani alishachagua kiti kilicho karibu na bakuli. "Hongera," akasema. "Sasa tangi inakuja ama mnaiacha mnachimba bahari yenu wenyewe?"

"Wamesema hivyo, hakuna maji?" mume wangu akauliza.

"Wamesema kavu."

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. "Wamesema nini?"

"Kavu. Kisima kikavu."

"Nipe simu."

Fundi wa umeme husoma Kiingereza cha vitabu vya mitambo, kile kisicho na huruma, na anakisoma mpaka mwisho kwa sababu asiposoma anapigwa na stima. Alisoma zile aya tatu zote, mikono ikidondosha maji sakafuni. Kisha akaiweka simu kando ya ugali, kifudifudi, kama mtu anayefunika maiti.

"Nyar Uyoma," akasema polepole, "huyu jogoo alikuwa na kosa gani?"

Ndipo aliponieleza. Kavu ya kisima si kavu ya omena. Kisima kikavu ni kisima kisicho na mafuta, kisicho na gesi, kisicho na cha kuuza. Wamechimba shimo, wamekuta shimo. Na kuziba si kuhifadhi. Wanafunga, wanakusanya kofia zao, wanaenda nyumbani.

Nilikuwa nimeshika mwiko. Jirani aliniangalia, akamwangalia mume wangu, akaliangalia bakuli, na nikaona kicheko kinamtoka tumboni kinapanda kama maziwa kwenye moto. Alicheka mpaka akaweka chini paja la kuku, jambo ambalo kwa miaka yote ya ujirani sijawahi kuliona.

"Kumbe hii ni matanga," akasema akijifuta macho. "Na si matanga pia tunakulanga. Nipe na shingo."

Nikacheka na mimi. Ningefanya nini? Nilijiona pale dirishani nikiwasikitikia wazungu wenye usingizi, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikakumbuka tangi, kicheko kikakatika katikati. Mume wangu aliona. Alinisogezea bakuli.

"Kula kwanza," akasema. "Tangi hailiwi."

Hakusema zaidi, na ndiyo maana neno la tangi lilinikaa. Angenigombeza ningepata la kujibu. Kila asubuhi kijana wa mkokoteni alipogonga lango na mitungi yake, mume wangu alimfungulia kwa heshima kubwa, akamkaribisha: "Ingia, bwana. Mkurugenzi yuko ndani." Na mawingu yalikuwa yanaanza kujikusanya upande wa milima ya Nandi. Nilikuwa nimemwahidi kabla ya mvua ndefu.

Niliuza hisa, nikabakisha zile za kukaanga yai. Kilichopatikana kisingenunua hata mfuniko wa tangi. Nikaenda kwa jirani, maana kwa mambo ya Kondele yeye ndiye waziri.

"Tangi wacha," akasema. "Kuna mtu huko nyuma ya soko anauza mapipa ya plastiki. Kubwa. Ilikuwa na mafuta ya kupika ya mahoteli. Wewe nyamaza tu, mimi niongee."

Nilinyamaza. Alimwongelesha yule muuzaji mpaka mtu mwenyewe akatubebea pipa mpaka barabarani, akionekana hajui ni nani aliyemtuma. Lilikuwa la bluu, pana kuliko mimi, na lilinifika kifuani. Nililisuuza kwa maji kidogo, kwa sababu maji ni ya kununua. Mume wangu alileta vipande vya bati vilivyobaki kwenye kazi yake, akavikunja kuwa mfereji kando ya paa, akauelekeza kwenye pipa. Alifanya kazi hiyo anapiga mluzi. Alipomaliza alirudi nyuma, akaangalia, akasema, "Hili si tangi."

"Si tangi," nikakubali.

"Lakini limekuja kabla ya mvua."

Mvua ilishuka alasiri ya siku iliyofuata, ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi. Iligonga mabati mpaka sikuisikia mashine yangu mwenyewe. Nilitoka. Mimi, mtu asiyetoka, nilisimama chini ya ukingo wa paa, gauni limelowa, nikitazama mfereji unatapika maji ndani ya pipa, yakipanda, yakipanda, mpaka yakafika mdomoni yakaanza kumwagika. Mume wangu alirudi mbio, ngazi kichwani kama mwavuli, akanikuta hapo. Tukasimama pamoja kama watu wanaotazama mtoto anatembea.

Mvua ilipopungua nikainama juu ya pipa. Na pale juu ya maji, nyembamba, inang'aa, zambarau na kijani na dhahabu, ilikuwa inatembea ngozi ya mafuta.

"Baba," nikamwambia mume wangu, "njoo uone. Kuna dalili za mafuta."

Akainama. Akatazama kwa muda mrefu, kwa uso wa mtu wa kofia ngumu. "Nimetiwa moyo sana," akasema.

Tulicheka mpaka jirani akaja na ndoo yake kuona ni nini, na pia kwa sababu ndoo yake ilikuwa tupu. Tukamwonyesha. Akachovya kidole, akakinusa, akakipangusia kwenye leso, akaniangalia bila kucheka hata kidogo.

"Sikia, Mama. Omena ndio inakaukanga, pipa ndio inaoshwanga. Kesho mwaga hii kitu yote, sugua na sabuni, ndio tukunywe maji bila kuwekeza."