Uso wa Mama kwenye Karatasi ya Kung'aa

Mama alipokufa, mimi na yaya, dada yangu mkubwa, tulikwenda kuchapisha programu ya mazishi. Kwetu Likasi siku hizi mtu hazikwi bila programu: picha ya marehemu mbele, nyimbo ndani. Mimi nilitaka jambo moja tu, uso wa mama utoke kama ulivyokuwa.

Mwenye duka hakutupa pole. Alitupa maneno. Grammage, yaani uzito wa karatasi. Couché, ile laini inayong'aa. Massicot, mashine ya kukatia kingo. Kila neno alilitoa polepole, kama padri anayegawa komunyo. Kujua majina ya vitu unavyouza si usomi, lakini yeye alijiona daktari.

Kisha akatuonyesha maquette, mfano wa ukurasa, kwenye kompyuta. Mama alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe miaka mingi, na kipande cha jiwe kilimwachia kovu juu ya jicho. Kovu halikuwepo. Ngozi ilikuwa nyeupe na nyororo kama sabuni mpya.

"Papa, kovu iko wapi?" nikamuuliza mwenye duka.

"Ile nilitosha, mama, nilifuta. Ni cadeau, zawadi yangu."

"Rudisha."

"Eh! Unapenda watu waseme miye nachapa watu wa vidonda?"

Yaya akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie. "Angalia, mama iko sawa madame wa directeur, bibi ya mukubwa wa kazi! Acha, mudogo yangu. Muntu amekufa, unataka kumuzika tena na majeraha?"

Mwenye duka akasukuma mbele yetu karatasi aliyoiita bon à tirer. Ukishaitia sahihi, umekubali kila kitu, na kosa lolote ni lako. Ujanja wa watu waoga. Nilikataa. Yaya akatia sahihi, na wino ukaanza kazi.

Makaburini, wanawake waliovunja mawe pamoja na mama walipokea programu zao. Mmoja aliitazama sana, akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. Akamuuliza yaya:

"Mutoto yangu, na huyu alikufa lini?"

"Ni mama yetu, mama mukubwa."

Yule mzee akaangalia tena. Hakubishana. Akamrudishia yaya karatasi yake.

"Chukua. Miye nilikuja kuzika mwenzangu."

Yaya akabaki nayo mkononi, ikimeta juani. Sikumsaidia.